Muhuri wa Sauti ya Mama

Mtaa mzima unamwita baba yangu Volyumu, na nadhani hata wajomba zangu wameshalisahau jina lake halisi. Alipewa jina hilo kwa sababu anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, hata akiwa amekaa ubavuni mwako. Kazi yake ni nyimbo. Hajawahi kuimba hata mmoja, namshukuru Mungu kwa hilo. Yeye anawawekea watu nyimbo mfukoni.

Alianza na kaseti, akinakili kwenye redio yenye milango miwili. Zikaja sidii, na vile vichezeo vya duara ambavyo ukitembea navyo haraka wimbo unarukaruka, ikawa watu wanatembea kama wamebeba mayai. Halafu kikaja kidude kidogo cha kuning'iniza shingoni, kina kioo chenye mwanga wa bluu, ndani hakina mkanda wala sahani. Baba anasema siku alipokishika mara ya kwanza alikitikisa sikioni asikie kama kuna kitu kinacheza humo. Kimya. Na bado kilibeba nyimbo nyingi kuliko kabati lake zima la kaseti. Akauza redio zake, akanunua kompyuta, akaandika mlangoni: TUNAJAZA NYIMBO.

Ubaya wa nyimbo za namna hiyo ni kwamba hazichakai kwa kunakiliwa. Mmoja akijaziwa asubuhi, jioni ukoo mzima unazo. Ndipo baba alipobuni muhuri. Alimkalisha mama mbele ya maikrofoni nyuma ya duka, pazia limefungwa, mama akasema maneno yake, na baba akayapachika katikati ya kila wimbo, pale hasa panaponoga. Bibi harusi anaingia ukumbini, wazazi machozi yanawalenga, mara sauti ya mama hiyo inatangaza duka. Watu waliwaka.

Jirani naye akafungua duka la nyimbo safi, wateja wakahama. Baba akaona isiwe tabu. Aliitoa sauti ya mama kwenye nyimbo zote, akaifuta hata ile faili yenyewe ili apate nafasi ya nyimbo mpya, kisha akatangaza kwamba aliyejaziwa zenye muhuri alete chombo chake kisafishwe bure. Wasiokuja aliwafuata makwao. Baba hajui kufanya kazi nusu nusu.

Haukupita muda mrefu mama akaugua koo. Walimpasua, wakaondoa kile kiungo kinachotoa sauti, akapona. Tangu hapo anapumua kupitia tundu la shingoni analolifunika kwa kitambaa, na hatoi sauti kabisa. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Kwa hiyo niliwahi kumsikia, ila masikio ya mtoto mchanga hayaweki kitu. Simu za nyumbani kwetu wakati huo zilikuwa za kupigia tu, hakuna aliyemrekodi.

Mama huniita kwa makofi. Mengine anayaandika kwenye simu, na akikasirika anaandika kwa herufi kubwa. Nampenda kufa. Lakini rafiki zangu walipolalamika kwamba mama zao wanawapigia kelele asubuhi, mimi niliondoka nikaenda kukaa peke yangu. Nilitamani kugombezwa. Nilitaka kulisikia jina langu kwa sauti ya mama yangu, hata mara moja, hata kwa hasira.

Simu zilipomeza kila kitu na watu wakaanza kuvuta nyimbo hewani, baba akageuka mkusanyaji wa vidude vya zamani. "Unacho kile cha shingoni? Kilete hata kibovu!" Vililetwa vimevimba betri, vimepasuka vioo. Alivifungua kimoja kimoja, akisikiliza wimbo baada ya wimbo. Kisha alivua hedifoni na kusema, "Safi," kwa sauti ndogo isiyomfaa kabisa. Aliifanya vizuri mno ile kazi yake ya kusafisha.

Siku moja nilikuwa nasukwa. Msusi alinivuta nywele kwa nguvu akasema, "Mama yako huyo aliniharibia nyimbo zangu, kila nikinogewa ananikatiza."

"Anti, si baba alizisafisha zote?"

"Zangu? Thubutu! Baba yako alinitangazia mbele ya watu kwamba nyimbo zangu ni za kubembelezea wagonjwa. Alipokuja na usafi wake nikamfungia mlango."

"Kwa hiyo bado unacho?"

"Kipo kwenye droo, chini ya nyuzi. Ila sikitoi mpaka aje mwenyewe aniombe radhi."

Nilitoka mbio, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Baba akaja. Aliomba radhi kwa sauti yake ile, wapita njia wakasimama kusikiliza.

"Basi, yaishe, mzee!" msusi akasema. "Chukua uende, utanifukuzia wateja."

Kilikuwa kile cha kutumia betri ya kawaida, na betri ilikuwa imetoa unga mweupe. Baba alikisugua kwa mswaki na siki, akachomoa betri kwenye rimoti ya televisheni. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani. Alikuwa ameniandikia: TANGAZO LA DUKA NDILO MNALOLILILIA? Mwanga wa bluu ukawaka. Baba akanivisha mimi hedifoni kwanza.

Wimbo wa taratibu ulianza, kweli wa kubembelezea wagonjwa. Katikati akaingia mwanamke. "Huu umetoka kwa Volyumu! Kama umeupata kwingine, umeibwa, na wewe unajua!" Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza, ina mkwaruzo, ina haraka, na mwishoni inazuia kicheko.

"Ni yeye?" baba aliuliza kwa kunong'ona.

Nikatikisa kichwa kukubali. Niliirudisha, nikairudisha tena, na kadiri nilivyoirudisha ndivyo moyo ulivyouma. Sauti ile ilikuwa inaongea na wateja. Ilimjua Volyumu, iliwajua wezi wa nyimbo. Mimi haikunijua. Hata ningeisikiliza mpaka betri ife, isingenitaja. Nikalia kama mtoto.

Mama akaja. Hakuandika kitu. Alinishika mashavu, akalitaja jina langu kwa midomo, polepole, bila pumzi wala sauti. Nilimtazama. Ule mkwaruzo ulikuwa bado umo masikioni mwangu. Akalitaja tena, na safari hii nikalisikia.