Kodi ya Mita ya Bofu

Mama aliupenda mfereji wake wa maji wa nyumbani kwetu Bofu, ng'ambo ya feri, kuliko alivyonipenda mimi, nasema kwa wivu wa kweli. Ulikuwa umekauka miaka mingi, lakini kila Ijumaa asubuhi aliusugua kwa jivu, kisha akaipangusa mita kwa pindo la leso. Maji tulinunua kwa mitungi, ya mkokoteni. Bili nayo ilikuja vilevile kila mwezi: maji sufuri, kodi ya mita palepale. Mama hakulala mpaka ailipe.

Mimi nilishahamia Magongo, kwenye kazi ya ghala, na hasira zangu ziko karibu. Kila nilipovuka feri kwenda kumjulia hali, tuligombana juu ya hiyo kodi hata kabla sijavua viatu.

Siku moja nikasikia redioni kwamba serikali imetoa kanuni mpya: asiyefikiwa na maji asitozwe ada ya huduma, na akitaka, aombe mita yake iondolewe. Nilivuka mchana uleule, mbiombio kama mtu aliyebeba posa.

"Shikamoo, mama. Kodi ya mita imekwisha!"

"Marahaba. Imekwisha vipi?"

Nikamweleza, nikingoja vigelegele. Akasita kukuna nazi, akainuka taratibu kutoka kwenye mbuzi.

"Kwa hivyo washatukatia tamaa," akasema.

"Mama, wamekuhurumia."

"Sitaki huruma, nataka maji. Nikilipa, wao wajua kuna mtu huku angoja. Wewe wataka waje waing'oe, kisha maji yakija tuanze upya kuomba? Mtaro ule wa bomba babako aliuchimba na majirani kwa msaragambo, toka barabarani hadi hapa, nami nikiwapikia mbaazi. Leo atauchimba nani? Nusu yao washazikwa, wallahi."

Nikanuna. Wiki ile alivaa buibui lake jipya akaenda ofisi ya maji kuwaomba waendelee kumtoza. Walicheka sana, lakini mita wakaiacha, na yeye akarudi nyumbani ameshinda. Alinisimulia kwa simu, na mimi pia nikacheka, nusu kwa hasira.

Mama alifariki mwaka jana, mfereji ukiwa mkavu bado. Nina hamu naye. Magongo maji hutoka mara moja moja, na yanapotoka, kabla sijatafuta ndoo, mkono wangu huenda kwenye simu nimwambie. Natamani hata tugombane.

Baada ya arobaini niliomba mita ing'olewe. Nyumba ilikuwa tupu, na hoja zangu zote zilikuwa sawasawa kama zamani. Msoma mita alikuja, mtu mzima mwenye mvi, akachuchumaa uani, akaipapasa ile mita. Alisema hajaona nyingine iliyotunzwa hivyo mtaa mzima. Akatoa spana yake, akaifunga kwenye nati, kisha akanigeukia.

"Niulize kwanza, maana tukishaing'oa, kuirudisha ni kazi. Hapa haishi mtu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema haishi mtu. Ulimi ukakataa.

"Yuko mama," nikasema. "Ametoka kidogo."

Akanitazama, akautazama mlango uliofungwa kwa kufuli. Kisha akaifungua spana, akaitia mfukoni, akainuka akijikung'uta magoti.

"Basi akirudi," akasema, "nisalimie."