Shimo la Teleke na Kijito cha Silafaga

Kule kisiwani Vaitupu, kabla hawajahama, mama mkwe wa Silafaga alikuwa akisema kwamba mkaza mwanawe angezaliwa samaki, angekuwa wa kwanza kuvuliwa, maana asingeweza kupita ndoana bila kuuliza ni ya nini. Silafaga alicheka pamoja na wengine, kisha akauliza ni samaki gani hasa ambaye hupita ndoana bila kuitazama.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapotazama kitu kipya. Na walipofika kisiwa cha Kioa, miaka michache baada ya vita vya Wajapani, kichwa hicho hakikupata nafasi ya kunyooka.

Kwanza, nchi yenyewe ilikuwa imeinama. Kwao ardhi ilikuwa bapa kama mkeka, ukisimama mahali unaona bahari huku na bahari kule. Hapa ulipanda mpaka mashavu ya miguu yakawaka, na kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Watoto walianguka. Wazee walishuka kwa makalio. Penitala, mdogo wa Teleke mume wa Silafaga, aliteleza na mzigo wa nazi kutoka juu kabisa mpaka mlangoni kwa shemeji yake, na nazi zikamtangulia kufika.

“Nani aliyeiinamisha nchi hii?” aliuliza Penitala, amelala chali. “Aje ainyooshe, watu wazima tunaaibika.”

“Shemeji, nchi haina kosa. Umepita njia ya nazi badala ya njia ya watu.”

“Nilikuwa nazifuata. Zilionekana zinajua zinakokwenda.”

Jua nalo lilichelewa. Lilikuwa nyuma ya kilima, na Silafaga alikuwa amekwisha kuwasha moto na kuchoma shelisheli kabla halijachungulia. Ukipiga kelele kule bondeni, kilima kilikurudishia maneno yako, lakini si yote, ya mwisho tu. Alilijaribu hilo asubuhi nzima pamoja na binti yake Losa, kwa majina ya ndugu waliobaki nyumbani, hadi mumewe akatuma mtu kuuliza nani amefariki.

Ila kilichomshika zaidi ni kijito. Kwao maji matamu yalikuwa ya kisima au ya mvua, yalikaa palepale ukayafuata. Haya yalitembea. Siku moja akamchukua Losa wakayafuata juu, wakishika mizizi, mpaka wakayakuta yanatoka chini ya jiwe. Akaweka mkono. Yalikuwa baridi. Akakaa pale muda mrefu akiyatazama yanavyotoka.

“Yataisha lini?” aliuliza Losa.

“Sijui, mwanangu. Tutakuja kuangalia tena.”

Basi Silafaga alikwisha kuipenda Kioa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu mumewe hakuwa ameamua kubaki.

Teleke alikuwa mtu wa pulaka. Pulaka ni gimbi kubwa la majimaji, jani lake linamfunika mtoto. Kule Vaitupu mwanamume alipimwa kwa pulaka yake kabla hajapimwa kwa uvuvi wake. Mtu alirithi shimo la baba yake, lililochimbwa na mababu mpaka kwenye maji matamu yaliyo chini ya mchanga, na ndani yake akailisha pulaka majani. Majani gani, yamechanganywa vipi, hiyo ilikuwa siri ya ukoo. Mtu alipita alfajiri na pakacha lililofunikwa, na ukikutana naye ulitazama baharini, usije ukaona. Silafaga alikuwa ameishi na Teleke tangu usichana wake bila kuambiwa kilichomo katika pakacha lile. Na yeye, mwulizaji wa kila kitu, hakuwahi kuuliza.

Teleke alikuja na vichwa vya kupandia vya pulaka ya baba yake, amevifunga katika mikeka mibichi, akivinyunyizia maji njia nzima melini kama anayeuguza mgonjwa. Na wiki ile waliyofika alisimama katika jumba la mkutano, mbele ya wazee, akasema, “Pulaka ikishika, na mimi nimeshika. Isiposhika, meli ikirudi itanikuta ufukweni na mizigo yangu na watu wangu.”

Silafaga alikuwa ameketi nyuma na wanawake. Alijua neno lililosemwa mle ndani halirudi mdomoni.

Teleke akachimba nyuma ya nyumba, mahali penye kijitambarare. Kwao, ukichimba mpaka kifuani, maji yanakupokea. Hapa alikutana na udongo mwekundu, mgumu, unaoshika jembe kama meno. Kifua kikapita, kichwa kikapita, maji hayakuonekana.

Penitala akachungulia kutoka juu. “Kaka, ukisikia watu wanaongea lugha usiyoijua huko chini, rudi.”

“Nipe kamba, wewe.”

“Ya kupandia au ya kukufungia?”

Kisha mvua za Kioa zikaja, mvua ambazo kwao zingeitwa gharika na kuombewa kanisani, na kwa siku chache shimo likajaa. Teleke akasimama ukingoni ameloa, uso umemng'aa. Akajaza udongo na majani mpaka kina kikamridhisha, akapanda vichwa vyake. Vichipukizi vyembamba, vile vilivyosinyaa safarini, akavitupa kando ya njia.

Silafaga alilitazama shimo, kichwa upande. “Baba Losa, maji haya yanakwenda wapi?”

“Hayaendi popote. Yamo shimoni.”

“Ya kwetu yalikuwa yanapanda na kushuka. Bahari ikijaa yanapanda, ikitoka yanashuka.”

“Mama Losa, mambo ya shimo ni ya wanaume.”

Lakini Silafaga alipokwenda kuteka maji alichomeka kijiti ukingoni mwa shimo, akakitia alama ya mkaa pale maji yalipofika. Bahari ikajaa, ikatoka, ikajaa tena. Maji ya shimoni hayakujua habari zake. Alitoa kijiti akakitia motoni, hakumwambia mtu.

Vile vichipukizi vilivyotupwa alivichukua. Hakuwa na mpango wowote navyo. Kule chini, kabla kijito hakijafika ufukweni, kilitanuka kikawa tope laini, maji yakipita juu yake polepole. Alitaka tu kuona pulaka itafanya nini ikiwekwa kwenye maji yanayotembea. Akavididimiza topeni kwa kisigino, akaosha miguu, akaenda zake kusuka mkeka wa mkadi.

Miezi ikapita. Pulaka ya shimoni ilitoa jani moja moja, halafu ikawa ya njano. Teleke akaongeza majani. Alfajiri baada ya alfajiri alipita na pakacha lake, na kadiri alivyolisha ndivyo shimo lilivyonuka. Harufu ikaingia hata katika samaki wa kuokwa. Wakati huo habari zikaja kutoka ng'ambo kwamba meli iko njiani.

Teleke akang'oa shina moja. Gimbi lilimvunjikia mkononi kama papai lililooza. Akalirudisha taratibu mahali pake, kana kwamba halijaonwa na mtu, akaingia ndani akaanza kukunja mikeka.

Penitala alikuja, akaiona mikeka, akaketi. Hapo ndipo Silafaga alipoogopa kweli, maana hakuwahi kumwona shemeji yake akikosa neno.

“Hata wewe, shemeji?” alimwuliza nje.

“Niseme nini? Aliapa mbele ya watu. Na mwenda kwao si mtumwa.”

“Na asiyetaka kwenda?”

Penitala alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. “Huyo ana kazi.”

Silafaga akashuka mpaka kijitoni. Hakuwa amefika siku nyingi, kwa kuwa mambo ya nyumbani yalimlemea. Akasimama, kichwa upande, kisha kwa mara ya kwanza tangu afike Kioa kichwa kikanyooka chenyewe. Majani ya pulaka yalimpita kimo.

Sasa afanyeje? Mwanamke hamwambii mumewe, “Njoo uone pulaka yangu.” Afadhali amwambie mbele ya wazee kwamba hajui kupiga kasia. Alikaa juu ya jiwe akifikiri mpaka manyunyu yakaanza. Akakata jani moja kubwa, akajifunika kichwani, akapanda nyumbani.

Alilisimamisha jani mlangoni, likidondosha maji, akaanza kuparua nazi.

Teleke alikuwa anafunga kamba. Macho yake yakapita juu ya jani, yakaendelea, yakarudi. Akasogea. Akashika ukingo wake, akaligeuza, akatazama shina lake lenye madoa ya zambarau. Pulaka yenye madoa yale ilikuwa ya ukoo mmoja tu, wa kwake.

“Umelitoa wapi?”

“Mvua ilinikuta njiani.”

“Sijauliza mvua.”

Silafaga akaweka nazi chini. Wakashuka, yeye mbele, Teleke nyuma akiteleza na kujishika. Alipofika aliingia topeni mpaka magotini. Alizamisha mkono kando ya shina, akapapasa, akatulia, kama mkunga. Maji yalimpita mkono yakiendelea na safari yao.

“Nani amechimba hapa?”

“Hakuna aliyechimba.”

Akalifuata shina la pili, la tatu. Alikuwa amempa mkewe kisogo alipouliza, kwa sauti ya chini, “Umeilisha majani gani?”

Silafaga hakuwa ameilisha hata jani moja. Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi. Akamtazama mumewe, mikono imejaa tope, akafikiria alfajiri zile zote, na baba yake, na baba wa baba yake, na pakacha lililofunikwa.

“Hayo hayaulizwi,” alisema. “Wewe uliwahi kuniambia?”

Teleke aligeuka. Alimkazia macho, halafu akaanza kucheka, cheko lililokwenda mpaka kilimani na kurudi, la mwisho tu.

Katika jumba la mkutano alisimama tena. Watu waliinamisha macho, maana wote walikuwa wamelisikia shimo kwa pua. “Pulaka imeshika,” alisema. “Haikushika pale nilipoiambia ishike.” Akaketi. Wazee waliguna, wakataka kupaona mahali penyewe, na kabla meli haijaondoka wanaume kadhaa walikuwa wanapimapima tope la kijito kwa miguu huku wakijifanya wanaoga.

Meli ilikuja ikapeleka Vaitupu barua na mikeka, ile ile aliyoikunja Teleke, ikiwa zawadi kwa mama yake.

Shimo lilibaki. Penitala alilipatia kazi ya kuloweka makumbi ya kamba, na kwa kuwa maji yake hayakwenda popote, lilifaa kuliko wangwa wa nyumbani. Aliliita kisima cha kaka, hasa Teleke akiwapo.

Na alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya kilima, Silafaga husikia mlango ukifunguliwa polepole, na miguu ikishuka kwa tahadhari kuelekea kijitoni, na pakacha likikwaruza ukutani. Angeweza kufumbua jicho moja. Losa, ambaye amerithi kichwa cha upande, alimwuliza siku moja kwa nini hafanyi hivyo.

“Lala,” alisema mama yake. “Tazama baharini.”