Pindo la Suruali ya Kijivu

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, na mtu akimcheka mbele yangu tutakosana. Watu humwita Mama Pindo kwa sababu ya tabia moja ambayo hakuna mteja aliyeweza kumwachisha: suruali yoyote anayoshona, ya mtoto au ya babu mwenye mkongojo, huiachia pindo la upana wa kiganja.

"Mama Pindo, mimi nimeshaacha kurefuka," mwalimu mmoja alilalamika.

"Wewe umeacha," akamjibu huku pini zimejaa mdomoni, "lakini suruali hujui itamfikia nani."

Vita vilipoanza, mchungaji alihubiri kwamba Mungu yuko upande wetu, nasi tukapiga makofi. Mama mdogo hakupiga. Baada ya ibada alimfuata mlangoni, akamuuliza kwa adabu zake zote: "Baba mchungaji, hata wale wa upande wa pili leo wamesali. Mungu amewafanyaje, amewaziba midomo?"

Mchungaji, ambaye si mtu mbaya, alishusha pumzi. Akasema tumevamiwa, na mtu anayelinda nyumba yake hawezi kulaumiwa.

"Huenda ni kweli," akasema mama mdogo. "Mimi vita sivijui. Najua tu nimeambiwa nimpende adui, na sikuambiwa nisubiri vita viishe kwanza."

Kusema ni rahisi. Kabla mwezi haujaisha, mwanawe wa pekee akaitwa jeshini, naye akaenda. Mama mdogo alilia waziwazi, kichwa juu ya cherehani, mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Alipomaliza alinawa uso, akakata kitambaa cha kijivu, kile kizuri alichokuwa akikitunza, akamshonea mwanawe suruali ya kuvaa siku atakaporudi. Akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari ukutani. Habari za kijana zikaja kidogokidogo, kisha zikakatika kabisa. Kila asubuhi mama mdogo aliikung'uta vumbi ile suruali kabla ya kuanza kazi.

Wakati huo ukumbi wa kanisa letu ulikuwa umegeuzwa wodi ya majeruhi. Siku moja akaletwa mateka, kijana wa upande wa pili. Madaktari walikuwa wameikata suruali yake ili watibu paja, akabaki na shuka kiunoni, na kesho yake alitakiwa kupelekwa kambini. Jirani yetu, aliyekuwa akipeleka chai pale, alikuja kutusimulia.

"Na aende na shuka lake," akamalizia. "Nani alimwita huku?"

Mama mdogo akainuka, akaitungua suruali ya kijivu. Jirani akamdaka mkono.

"We mwanamke, unamchuria mtoto! Ukimpa adui hiyo, ni kama wako umeshamzika."

Hapo mama mdogo alikaa. Akaiweka suruali magotini, akawa analipapasa pindo lake. Nilitamani airudishe. Niseme tu ukweli, nilitamani sana.

"Unadhani hilo sijaliwaza?" akasema hatimaye. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na yule ana mama. Huenda naye ana suruali msumarini."

Nikamsindikiza hadi ukumbini. Kumbe kijana alikuwa mrefu kumpita mwanawe. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu, na askari mlinzi akaangua kicheko. Mama mdogo hakumjali. Alipiga magoti sakafuni, akafumua pindo kwa mkasi mdogo, akashusha kitambaa mpaka kikafika kwenye visigino, akaanza kushona kwa mkono. Yule kijana alisimama kwa magongo, akimtazama utosini, machozi yakimdondoka. Mlinzi akaacha kucheka. Baadaye akasogeza taa karibu ili mama aone sindano yake.

Tulirudi nyumbani. Nilijua anaogopa, maana alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nikiwa mdogo. Tulipofika hakuketi kupumzika. Alitandaza kitambaa kingine mezani, akakata suruali kwa vipimo vya mwanawe, akaishona, akaiachia pindo pana kama kawaida yake. Kisha akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari uleule.