Kimashine Kilichokuwa na Mteja

Juzi simu yangu ilimwambia baba, "Jaribu tena." Ni sauti ya kike, laini, haichoki wala haikasiriki. Tangu kiharusi kimpige, baba anajifunza kusema upya, na hospitalini walituwekea humo programu ya mazoezi: picha inatokea, sauti inaitaja, mgonjwa anarudia. Picha ilikuwa ya sufuria. Baba aliinamisha macho akangoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri mkubwa amalize kusema. Nikajikuta nimerudi Makambako, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Lyamkena, kwenye harufu ya marobota ya mitumba.

Harufu hiyo mnaijua ninyi mliokulia enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kumiminika: dawa ya nondo, vumbi, na sabuni za watu wa mbali. Baba aliuza mitumba minadani. Mama alibaki kijijini, ng'ambo ya Njombe, akimuuguza bibi ambaye hakuweza tena kusimama, na mimi nikaletwa mjini kwa sababu shule ya mjini ilisemekana ni nzuri. Nilikuja na Kibena changu na Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya kwanza nilijibu swali, darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka kidogo. Nikafunga mdomo. Sikukusudia kuufunga muda mrefu, lakini kunyamaza nako kunazoeleka, ikafika mahali hata baba nilikuwa namjibu kwa kichwa.

Baba aliondoka alfajiri kabla ukungu haujainuka, na minada ya mbali ilimlaza hukohuko. Mwenye nyumba wetu, Mama Zuhura, mke wa msafirishaji aliyetoka Tanga, alinipa chakula na kuhakikisha nimefunga dirisha. Zaidi ya hapo nilikuwa mimi na baridi, na malori yakinguruma barabara kuu. Nilikuwa mpweke, jamani, mpaka nikawa naisubiri honi ya treni kama mgeni wangu.

Ndipo siku moja baba akatoa kwenye robota kimashine chekundu cha plastiki, chenye vitufe vya herufi na picha. Ukibonyeza, mwanamke alisema kwa Kiingereza humo ndani.

"Huyu mama atakufundisha," baba alisema, akipachika betri. "Lakini usimzoee. Ana mteja. Jumamosi nikirudi nataka nikusikie, halafu namchukua."

Akaondoka. Mimi, mtoto wa kulelewa na bibi, nilijua la kufanya mbele ya mtu mzima. Nikapiga goti sakafuni. "Kamwene," nikaamkia kwa Kibena, nikangoja, macho chini. Kwetu mtoto hakurupuki. Unasalimu, unasubiri mkubwa aitikie, ndipo mengine yafuate. Yule mama hakuitikia. Alitoa mlio mdogo, na taa yake ikazimika. Nikajua nimemuudhi. Nilimwasha, nikapiga goti tena, na hapo ndipo Mama Zuhura alipoingia na bakuli la makande.

"Unamwamkia nani, mwanangu?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Hakucheka.

"Huyo hana adabu, asikuumize moyo. Wewe mbonyeze tu."

Nikambonyeza kwenye picha za tunda, mpira na paka. Epo. Boli. Keti. Nikipatia alisema veri gudi, nikikosa alirudia pale pale bila kicheko, na kwa hilo tu nilimpenda. Baada ya masomo nilimsimulia kwa Kibena habari za mama yangu na za ndama wetu. Kibena hakukijua, lakini alikuwapo, na Jumamosi ilikuwa inakuja kumchukua.

Baba alirudi na vumbi kwenye nyusi, akakaa kwenye kigoda. "Haya, nisikie."

Yule mama akauliza swali lake. Sasa chumbani mlikuwa na wakubwa wawili, na mmoja alikuwa baba yangu. Nikainamisha macho, nikangoja nipewe ruhusa. Yule mama akarudia swali. Kisha akazimika. Baba aliinuka. Alikiviringisha kimashine kwenye shuka kuukuu, akakitia kwenye robota la kesho.

Asubuhi, alipokwisha kujitwika, nikamshika koti.

"Epo," nikasema. Sauti ilitoka ikikwaruza. "Boli. Keti. Dogi." Nilisema yote niliyoyajua, na yalipokwisha nikajisifu mwenyewe, veri gudi, kisha nikamwagika kwa Kibena: asimchukue, mimi nitabaki na nani? Baba akatua robota, akalikalia.

"Mteja atapata kingine," alisema, akaanza kufungua kamba.

Miaka yote nilimhurumia yule mteja. Nilimtungia hata sura: mama mmoja wa Njombe mjini, ana mtoto anayekaa dirishani akingoja kimashine chake. Mimi Kiswahili kilinijia, Kiingereza kikafuata, na nikimfikiria mtoto yule niliona nimemnyang'anya.

Basi juzi sufuria ilimshinda baba kwa mara ya pili, akageuza uso ukutani. Siku hizi anaweza kushinda kutwa bila kujaribu neno, na daktari ametuonya kwamba asipojikaza sasa, huenda asiseme tena. Naogopa. Nikaleta mzaha, maana sikuwa na kingine.

"Simu hii usiizoee, baba. Ina mteja. Jumamosi anakuja kuichukua."

Aligeuka. Upande wa mdomo ulio hai ukahangaika, ukatafuta.

"Ha... kuna," akasema. Akameza mate. "Hakuna... mteja. Hata... yule."

Hata yule wa kimashine hakuwapo. Kumbe alikuwa ameona mwanawe ananyamaza siku hadi siku, naye, mtu wa maneno machache, hakujua namna ya kunifungua mdomo, akaenda kumtafuta wa kunisemesha. Na alipoona bado sisemi, akajaribu kuniondolea, ili nifungue mdomo kumwomba.

Niliiweka simu pembeni. Nikapiga goti kwenye zulia, mtu mzima na miwani yangu. "Kamwene, baba," nikasema, nikainamisha macho, nikangoja aitikie.