Bi Forodha na Daktari wa Ng'ambo

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na halitumiki. Watu wote humwita Bi Forodha, kwa kuwa katika kituo cha afya anakofanya kazi ya mapokezi hapiti mtu bila kukaguliwa. Ukifika na kikohozi atakuuliza kimeanza lini, na wakati unamjibu yeye atakuwa anatazama viatu vyako. Vina vumbi, maana yake umetembea. Umetembea mwendo wote huo na kifua kinakubana? Haya, kaa pale kwanza. Anayetafuta karatasi ya kukwepa kazi humjua kabla hajafungua mdomo, na humpeleka mwisho wa foleni akajifikirie. Mgonjwa wa kweli humpitisha bila maneno mengi, na hapo, tumpe haki yake, ni nadra sana kukosea.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira ya ajabu, akirudi anatabasamu huulizwa amekutana na nani, na akirudi amenuna huulizwa anaficha nini. "Siku nikifa," huwaambia wateja wake, "huyu atafunua jeneza ahakikishe." Wateja hucheka. Bi Forodha naye hucheka, lakini hakanushi.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa, na waliomfundisha ni madaktari. Kituo chao kiko mahali lami inapoishia, na madaktari hupangiwa pale wakiwa wachanga, wakishaiva huondoka. Wa kwanza aliyempenda alikuwa kijana mpole, aliyemwita mama na kula chakula chake cha mchana mapokezi, sahani juu ya mapaja. Jumatatu moja hakutokea. Bi Forodha akampigia simu, akidhani anaumwa. Kijana alipokea kwa sauti ya chini, akasema yuko kwenye hospitali moja ya watu binafsi, ana shughuli, atampigia. Hakupiga tena. Siku ile Bi Forodha aliwarudisha nyumbani watu wote wa foleni, mmoja mmoja, akiwadanganya kwamba daktari amepata dharura. Iliuma. Iliuma hasa kwa sababu alikuwa ameshawaambia majirani kwamba huyu ni mwanawe. Waliofuata aliwachukulia kama wageni wa hotelini: karibu, ufunguo huu, kwaheri.

Halafu serikali ikabadilisha mambo ya fedha. Zamani kituo kililipwa kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa. Sasa kingelipwa kwa kila mkazi aliyejiandikisha kwake, mzima au mgonjwa, ilimradi kiwe na daktari wa kudumu. Kisicho na daktari kingeshushwa hadhi, kibaki cha kufunga vidonda na kugawa vidonge. Mganga mkuu wao, ambaye kila mtu humwita Daktari Mzee, alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na hakuna aliyekuwa akigombea kiti chake.

Ili kuziba pengo, wizara ikafungua njia mpya kwa madaktari waliosomea nje ya nchi, ambao vyeti vyao vilikuwa havijatambuliwa. Daktari wa namna hiyo angefanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi katika kituo chenye upungufu, wizara imlipe mshahara, kisha apewe leseni kamili na kubaki pale pale. Lakini kabla ya leseni, afisa wa wizara angekuja kuwauliza wanaofanya kazi naye kama ana nia ya kubaki kweli. Afisa akiingiwa na shaka, daktari anahamishiwa hospitali kuu na mwaka wake unaanza upya.

"Daktari wa bure," Bi Forodha alimwambia mumewe, "na mshahara juu. Wewe umeshawahi kuona wapi?"

"Labda wameona tunahitaji."

"Labda," alisema, kwa namna ambayo mumewe alirudi kwenye cherehani yake.

Daktari aliyeletwa alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza kumchungulia juu ya masikio. Alizaliwa nchini humu humu, akaenda kusoma ujanani, akakaa huko hadi watu wakamsahau. Foleni ilimbatiza jina siku hiyo hiyo: Ng'ambo. Asubuhi ya kwanza alisalimia watu wote kwenye benchi, wa mwanzo hadi wa mwisho, kwa mkono. Bi Forodha akajiuliza huyu anaomba kura za nini.

Wiki hiyo alimjia pale dirishani. "Mama, naweza kupigilia msumari mmoja chumbani kwangu? Nina picha nataka kutundika."

"Kuta hizi ni za serikali, daktari. Ukiondoka nani ataziba tundu?"

Akacheka, akasema haya mama, na hakuuliza tena. Miezi ikapita. Bi Forodha akawa anachungulia chumba cha pili, cha Ng'ambo, kila jioni akifunga milango, na kila jioni alikikuta kitupu kama siku ya kwanza. Koti Ng'ambo aliondoka nalo. Kipimo cha kusikilizia mapigo kiliingia kwenye begi, kikombe nacho kikaingia kwenye begi.

"Hajatundika kitu hata kimoja," alimwambia mumewe. "Mtu anayekaa hutundika."

"Si wewe uliyemkataza?"

"Mwenye nia angeuliza mara ya pili."

Na si begi peke yake. Kulikuwa na simu. Mchana Ng'ambo alikuwa akitoka uani, anasimama karibu na tangi la maji, anaongea kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale, kwa sauti laini, huku akicheka. Na kulikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi, mchana ukishapungua wagonjwa, aliomba ruhusa kwa Daktari Mzee, akabeba begi lake na kutokomea. Ijumaa alirudi mikono imesuguliwa hadi imekuwa myekundu, inanuka dawa kali. Bi Forodha aliijua harufu ya hospitali kubwa, au alidhani anaijua. Akajumlisha begi, simu na Alhamisi, jibu likatoka lile lile: mtu huyu ana kazi nyingine mahali, na sisi anatupanda kama ngazi.

Tatizo ni kwamba alikuwa daktari mzuri, na Bi Forodha hakuwa kipofu. Alimwona akipiga magoti sakafuni kumvua viatu bibi mmoja mwenye kidonda mguuni, akikiangalia bila kukunja uso, akimuuliza habari za wajukuu. Alimwona akirudi ndani kumwita Daktari Mzee pale ambapo hakuwa na uhakika, bila kuona haya. Siku moja Bi Forodha alijikuta amemmiminia chai. Alisimama na kikombe mkononi mbele ya mlango wa chumba cha pili, akakumbuka sahani ya yule kijana wa kwanza, akageuka akainywa mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliogopa. Afadhali kumshuku mtu mapema, alijiambia, kuliko kulia baadaye.

Mwaka ulipokaribia kwisha, afisa wa wizara akaja. Alikuwa binti mwenye miwani, mtaratibu, aliyemwamkia Bi Forodha kwa heshima na kufunga mlango wa ofisi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, wewe umekaa hapa kuliko wote. Niambie kama unavyomwambia mwanao. Huyu daktari atabaki?"

Angeweza kusema hajui, na hapo asingekuwa amesema uongo. Lakini ni miaka mingi alikuwa akiwashuku watu pale dirishani bila mtu yeyote mwenye cheo kumuuliza anaonaje, na sasa ameulizwa, tena kwa kalamu mkononi.

"Binti yangu," alisema, "hawa hawabaki. Mguu mmoja ndani, mwingine nje." Akamweleza habari ya begi, ya ukuta mtupu, ya simu uani na ya Alhamisi. Binti aliandika bila kuinua macho. Bi Forodha alitoka mle ofisini mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Siku chache baadaye alisimama mbele yake dirishani mwanamke mrefu na watoto wawili.

"Nataka kuandikisha familia," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno likipimwa kabla ya kutoka.

"Mnakaa wapi?"

"Kule nyuma ya kilima. Nyumba ya mlango wa kijani."

Bi Forodha akainua uso. "Ile ina popo."

"Tumewafukuza." Mwanamke akatabasamu. "Baba yao alikuwa anakuja kila Alhamisi. Anakwangua kuta, anapaka rangi, halafu anajisugua mikono kwa mafuta yale ya kuondoa rangi, yananuka. Watoto walikuwa wanamsubiri kwenye simu awaambie leo amemaliza chumba gani. Wao bado hawajui Kiswahili."

Watoto walikuwa wameanza kusemezana wenyewe kwa wenyewe. Bi Forodha aliitambua ile lugha ya uani kabla hajauliza swali lililofuata, na aliliuliza tu kwa sababu utaratibu unadai.

"Mume anafanya kazi gani?"

"Daktari. Hapa kwenu, chumba cha pili. Aliniambia tusiseme kwa watu mpaka leseni itoke. Wataona anajipendekeza." Akainama kidogo kuelekea dirishani. "Wewe ndiye mama wa mapokezi? Anakusema sana. Anasema hapa wewe ndiye usiyempaka mtu mafuta, unasema ukweli."

Aliwaandika wote wanne. Aliandika taratibu mno, hadi foleni ikaanza kunung'unika.

Habari kutoka wizarani iliingia kabla ya mwisho wa mwezi. Ng'ambo anahamishiwa hospitali kuu, mwaka wake unaanza upya, kwa kuwa haikuthibitika kwamba ana nia ya kubaki. Kituo kingesubiri zamu yake ya kupata daktari mwingine, na hakuna aliyejua zamu hiyo ni lini. Daktari Mzee alivua miwani akaiweka mezani.

Ng'ambo alikuja dirishani jioni, watu wameshaondoka. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Mama, kuna mtu hapa aliwaambia sitabaki."

Bi Forodha alipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nimemfikiria Daktari Mzee," alisema Ng'ambo. "Sipendi kumfikiria hivyo, ni mtu mzima na amenifundisha mengi. Lakini ni nani mwingine? Labda hakutaka mtu wa nje akalie kiti chake. Wewe unawajua watu. Unaonaje?"

"Si yeye," alisema Bi Forodha. Hilo aliweza. Lililobaki hakuliweza; akazipanga tena kalamu, naye Ng'ambo akachukua begi lake akaenda kumwambia mkewe.

Usiku huo Bi Forodha alimwambia mumewe yote. Fundi hakufanya mzaha wala hakumlaumu. Alimwambia tu, "Basi nenda ukawaambie."

Akaenda. Alivaa gauni lake la heshima, akapanda basi la asubuhi hadi wizarani, akauliza mlango hadi mlango mpaka akampata yule binti mwenye miwani katika ofisi finyu yenye mafaili hadi dirishani. Binti alimkumbuka, akamvutia kiti.

"Nimekuja kufuta maneno yangu," alisema Bi Forodha. "Nilikosea. Yule daktari amehamia. Ana nyumba, ameitengeneza kwa mikono yake. Mke na watoto nimewaandikisha mimi mwenyewe."

"Waliandikishwa lini, mama? Kabla sijaja, au baada?"

"Baada. Lakini nyumba alianza zamani."

"Uliiona inatengenezwa?"

"Sikuiona."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mkewe."

Binti akatikisa kichwa polepole, bila dharau. "Habari ya nyumba daktari mwenyewe alituambia. Mganga mkuu akamtetea sana. Lakini mama, kila daktari tunayemhoji ana nyumba, na kila mganga mkuu anatetea, kwa sababu kituo kikikosa daktari kinashushwa. Wewe peke yako ulisema kinyume na faida ya mahali pako pa kazi. Ndiyo maana tulikuamini wewe, tukawaacha wao."

"Basi niamini na leo."

"Leo umerudi kusema kilekile wanachosema wao." Aliweka kalamu chini. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Nauli?"

"Yangu."

Bi Forodha aliyasikia maswali yakija moja baada ya jingine, na aliyajua yote. Yalikuwa maswali mazuri. Yeye mwenyewe angeyauliza kwa mpangilio huo huo, na angetazama uso wa mtu vile vile, akingoja mahali pa kutetereka. Alijitahidi uso wake utulie, akaona binti anaona kwamba anajitahidi.

"Sikuhukumu, mama," binti alisema kwa upole. "Mishahara yenu naijua. Niambie tu, na litaishia humu ndani. Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu," alisema Bi Forodha. Ilikuwa kweli tupu, na kama angeambiwa yeye, asingeiamini.