Maji ya Kijani Kando ya Kitanda

Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, Mzee Hilary alivuta pazia la chumbani, akagonga kioo cha tangi la samaki kwa kifundo cha kidole. Samaki walipanda juu. Mkewe Germana, amelalia upande wake mzima, alimwuliza, "Wameamka?"

"Wameamka. Wanasema shikamoo."

"Waambie marahaba."

Mazoea hayo yalianza baada ya kiharusi. Germana alikuwa mwanamke wa jembe, mzaliwa wa Endabash, na mgeni hakuwahi kuondoka kwake na njaa. Hata madereva wa watalii wenzake Hilary, wakipanda kutoka kreta, lile bonde la wanyama, na vumbi lao, walipitia kwanza jikoni kwake, kwa Mama Martini kama walivyomwita, ndipo waende kwa wake zao. Kiharusi kilimkuta anapepeta mbaazi. Kikachukua mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na pembe moja ya mdomo. Akabaki anatazama dari.

Hilary alikuwa ameshaacha kuendesha watalii. Akasikia kuna loji inabadilisha vyombo na inatoa tangi lake la samaki. Akalichukua na samaki wenyewe, wengine wa rangi ya dhahabu, wengine wadogo wenye mikia kama vitambaa. Akaliweka juu ya meza ya cherehani, dirishani, upande wa mkono mzima wa Germana, ili awape chakula mwenyewe. Kidogo tu, cha ncha za vidole. Siku ya kwanza Germana alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hilary akatoka nje, akajifanya anaangalia kuku.

Basi, maji yakaanza kugeuka. Mwanzo yalikuwa na ukijani wa mbali, kama chupa ya soda ukiishika juani. Ukijani ukakolea hadi samaki wakawa vivuli. Hilary akasugua kioo kwa sponji, akamwaga maji yote, akajaza mapya. Wiki haikwisha, yakarudi yale yale.

Jirani yao Cresensia, aliyekuwa akija kumwogesha Germana, alisimama mbele ya tangi ameshika kiuno.

"Baba Martini, mlenda huu umeshaiva. Nilete ugali?"

"Lete na kijiko chako."

"Na kitoweo kimo humo humo. Wamenona hawa. Wamemzidi mgonjwa."

"Mgonjwa anakula," Hilary akasema, na kidogo alijisifu. "Nikirudi kutoka jikoni nakuta bakuli jeupe. Kila siku."

Germana alikuwa anawatazama samaki.

Mwishowe Hilary akampigia simu Piusi, fundi anayetunza matangi ya samaki kwenye hoteli za Karatu. Piusi alikuja na pikipiki, na mpira mrefu ameuzungusha begani. Jambo la kwanza aliomba glasi. Akachota maji ya tangi, akaiweka dirishani.

"Tungoje, mzee. Yakituama, ni uchafu tu. Yakibaki hivi hivi, ni mwani. Hicho ni kitu hai."

Wakanywa chai. Walipoitazama tena, glasi ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini.

"Mwani si wa baharini?" Hilary akauliza.

"Hata huku upo. Ule wa kahawia, unaokaa kwenye kioo kama vumbi, huja tangi likiwa jipya na huondoka wenyewe. Ule wa nyuzinyuzi kwenye mawe, ukiuona ujue jua limezidi. Wako umeingia ndani ya maji yenyewe. Huu unapata jua, na unapata na chakula." Akageuka. "Nani anawalisha?"

"Mama. Kidogo tu, asubuhi."

Piusi akazamisha mpira kwenye changarawe, akafyonza, akauelekeza kwenye ndoo. Kikatoka kitu cheupe, kizito, chenye harufu ya kuchacha. Kikaendelea kutoka.

"Mzee, hiki si chakula cha samaki."

Hilary akainama juu ya ndoo. Uji. Mabonge ya ugali yaliyovimba, maganda ya maharage, kiini cha yai. Kila kitu mle ndani alikipika yeye kwa mikono yake.

Miaka yote ya udereva, akisimamisha gari pale kwenye bwawa la viboko, alikuwa akiwaeleza wageni kwa nini maji yale ni ya kijani: kinachoangushwa ndani ndicho kinachoyalisha. Aliyasema maneno hayo kama mtu anavyosali, bila kuyasikia. Akainua macho, akamtazama mkewe. Bangili ya shaba iliyokuwa ikimbana kifundo cha mkono ilikuwa imeteleza hadi karibu na kiwiko.

Piusi akakusanya mpira wake. "Nipo nje, mzee," akasema, akatoka.

"Mama Martini. Tangu lini?"

Germana alikuwa anaangalia dirishani. "Chakula hakishuki. Na wewe ukikuta bakuli limejaa, unanyamaza kutwa nzima."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Mimi nimelisha watu tangu nikiwa msichana. Kulishwa sikujifunza." Akapumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Hawa wakiona mkono wangu wanakuja. Nani mwingine siku hizi anakuja nimpe kitu?"

Hilary akatoka nje kwa Piusi. Akafanya anavyofanya dereva gari likimfia porini, akafuata maneno ya fundi. Liondoe dirishani, Piusi alimwambia. Lifunike lisipate mwanga. Usiwape chochote siku kadhaa, hawafi. Maji usimwage yote, punguza robo, ongeza yaliyolala kwenye ndoo. Akalihamishia tangi sebuleni, akalifunika kwa blanketi. Mahali pake kando ya kitanda akaweka kiti, akakaa yeye na bakuli.

"Fungua mdomo."

Alifungua.

"Meza."

Alimeza. Hilary hakuinuka mpaka bakuli likaisha.

"Umewafunika kama maiti," Germana alisema mara moja. Hakurudia.

Blanketi lilipotolewa, maji yalikuwa meupe. Hilary na Cresensia wakalibeba tangi wakalirudisha chumbani, safari hii meza ya cherehani ikiwa miguuni pa kitanda, mbali na jua na mbali na mkono wake.

"Umeona?" Hilary akasema.

Germana aliwatazama samaki. "Wazuri," akasema. "Wanakula kwa nani?"

"Kwangu."

Germana akageuza uso ukutani.

Tangu hapo hakuuliza tena kama wameamka. Hilary aligonga kioo, akamwambia wanatoa shikamoo, na marahaba haikuja. Kijiko kikawa kinakuta meno yamefungwa. Hospitali walimtundikia dripu, wakamrudisha nyumbani. Alikufa wakati wa kuvuna mbaazi. Walimzika Endabash, kando ya shamba la kwao.

Martini, mtoto wao pekee, alikaa mpaka matanga yakaisha.

"Baba, hilo tangi nimpe mtu?"

"Liache."

Martini akarudi Dodoma kazini.

Kesho yake Hilary alivuta pazia, akagonga kioo. Maji yalikuwa safi hata ungedhani samaki wananing'inia hewani. Jikoni mkono ulikuwa umepika uji wa watu wawili bila kumwuliza. Wake aliunywa amesimama. Lile bakuli la Germana akaingia nalo chumbani, akaisukuma meza na tangi lake mpaka dirishani, akaumimina uji kidogo kidogo, kama anavyolishwa mtu. Wingu jeupe likashuka ndani ya maji. Samaki wote wakaja, midomo wazi.

Alisuuza bakuli, akalifunika. Akavaa koti. Pazia aliliacha wazi.

Cresensia alikuwa anafagia uani kwake, na ukungu bado haujapanda.

"Baba Martini, mapema hivi wapi?"

"Naja," Hilary akasema.

Akashika barabara ya Endabash, alikolala Germana, mikono mfukoni, na hakurudi.