Bolti Thelathini Kwenye Beseni Moja

Bunduki za kituo kile cha polisi zilikuwa na umri wa kumzaa fundi wake, na fundi mwenyewe alibakiza miezi minne tu astaafu. Askari walimwita Daktari. Bunduki moja ilifungwa kitako kwa waya, nyingine aliichongea kitako kutoka mguu wa kitanda, na zote zilifyatuka. Serikali haikuwa na uwezo wa kununua mpya, basi alizibembeleza kama mtu anavyombembeleza mama mkwe.

Ghala la silaha alitaka lirithiwe na binti yake, konstebo wa mwaka mmoja. Mkuu wa kituo alimwona bado mbichi.

"Kesho saa nne tunazijaribu zote thelathini," alisema. "Hata moja ikigoma, binti yako anahamia getini."

Asubuhi yake binti akawahi kazini. Kwa bidii ya mgeni alichomoa bolti zote, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, akazitumbukiza kwenye beseni moja la mafuta ya taa na kuzisugua zikang'aa. Daktari alipoliona lile beseni, alikaa juu ya kreti bila kukaribishwa.

Masikini mtoto wa watu! Bunduki mpya huazimana bolti kama majirani na chumvi. Vikongwe hivi kila kimoja kilikuwa na bolti yake, iliyochakaa pamoja nacho, na namba zilishafutika zamani. Ukikilazimishia isiyo yake, kinagoma, au kinakupasukia usoni.

"Baba, nimeharibu."

"Umeharibu kweli. Haya, vuta kiti."

Ilikuwa saa moja. Daktari alisukuma bolti moja moja ndani ya bunduki, macho kafumba, akisikiliza kwa vidole. Iliyo yake huteleza. Ya kuazima hukwaruza kidogo sana. "Huyu kamkataa mchumba," alisema, binti akacheka, wakaendelea. Kufika saa tatu u nusu zilibaki sita, na hapo mzee akazirudia moja moja, akatikisa kichwa.

"Hizi naziona zote sawa," alisema mwishowe. "Vidole vyangu vimekufa ganzi, mwanangu. Mwaka mzima sasa nawaficha." Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Binti akasogeza kiti karibu. Alizivuta zile sita, akafumba macho, akajaribu, akarudia, mpaka kila moja ikapata yake.

Sasa ghala lile lilikuwa na desturi, na aliyeiweka ni Daktari mwenyewe: aliyetia bolti ndiye anayefyatua kwanza, akiweka rehani uso wake mwenyewe. Uwanjani mzee alifyatua zake ishirini na nne bila wasiwasi. Kisha akanyoosha mkono.

"Hizo sita nipe mimi."

"Desturi ni desturi, baba."

Mzee alisimama nyuma yake, akihesabu. Moja. Mbili. Ya tano ilichelewa kidogo, kisha ikalia. Na ya sita.

"Hongera, Daktari," alisema mkuu, asiyeijua desturi ile. "Mkono wako bado upo."

"Haupo, afande. Hizo sita zilinishinda. Kazitengeneza yeye."

Askari wakatazamana. Mkuu akachomoa bastola yake kiunoni, akatoa risasi, akampita Daktari na kumkabidhi binti.

"Fundi, hii inakwama tangu mwaka jana. Niijie lini?"

Daktari alikuwa amepitwa mbele ya kituo kizima, na maishani hakuwahi kufurahi kama alivyofurahi kupitwa siku ile.